Tiketi Mfukoni, Akili Mbali na Mashine

Ndugu mfanyakazi, katika ukurasa huu umezoea kusoma habari za kofia ngumu, viatu vya chuma, miwani na vumbi la mawe. Mwezi huu tunakuletea hatari nyingine. Haina harufu, haina kelele, na mlinzi wa mlangoni hawezi kuikamata. Inaingia kazini ndani ya mfuko wa shati, pamoja na simu na kipande kidogo cha karatasi.

Tuchukue mfano. Si habari ya mtu mmoja. Tumeukusanya kutoka mambo ambayo mabibi, makapita na waganga wanayajua sana. Ukidhani umemtambua jirani yako, ujue labda naye amekutambua wewe.

Fundi huyu ana miaka 34, bibi mmoja na watoto wanne, anakaa mtaa wa Mudzipela hapa Bunia. Anatunza mkanda unaopeleka mawe kwenye mashine ya kusaga. Kabla ya kuweka mkono kwenye mkanda anapaswa kukata umeme, kufunga swichi kwa kufuli yake mwenyewe, na kutia ufunguo mfukoni. Kwa miaka 9 alifanya hivyo bila kukosa. Jumatatu moja asubuhi alikata umeme, akaondoa kizuizi, akaingiza mkono. Kufuli ilibaki ndani ya mkoba. Mwenzake wa upande wa pili, ambaye hakumwona, alikuwa ananyosha mkono kuwasha. Kijana mmoja anayejifunza kazi ndiye aliyepiga kelele. Mkono ukapona.

Kapita alimwita pembeni, akamsogelea kinywa. "Umekunywa?" Hapana. Hakuwa amekunywa hata chupa moja tangu Noeli. Alikuwa hajalala. Jumapili alicheza pari ya mechi 9 za Ulaya. Mechi 8 zilitoka kama alivyoandika. Ya 9 ikaharibika dakika za mwisho. Usiku akaendelea na simu chini ya blanketi, akitaka kurudisha feza ile kwa mechi za nchi ambazo hawezi hata kuzionyesha kwenye ramani. Feza yenyewe ilikuwa ya masomo ya watoto.

Swali la kapita lilikuwa zuri. Alikosea tu aina ya kileo.

ULEVI BILA CHUPA

Vitabu vya Kiswahili vina neno "uraibu", maana yake mazoea yaliyomfunga mtu kamba hata akitaka kuacha hawezi. Uraibu wa pombe au wa bangi kila mtu anaujua. Lakini mtu anaweza kufungwa na tendo tu, bila kunywa wala kuvuta kitu. Tendo linalojulikana zaidi ni kamari: karata, loto, mashine za sarafu, na siku hizi pari ya mpira.

Hapa kwetu mtu wa namna hiyo anasemwa kwa njia mbili. Wengine wanasema ana tamaa. Wengine wanasema amelogwa, na bibi yake anaanza kuzunguka kwa wafumu. Waganga wa akili wanasema jambo la tatu: ni mgonjwa. Hawakufika huko kwa siku moja. Mwaka 1980 chama cha waganga wa akili wa Marekani kiliandika kamari ya namna hii katika kitabu chake cha magonjwa, lakini waliiweka karibu na ugonjwa wa kuiba ovyo, kana kwamba ni mkono tu unaokataa kutulia. Mwaka 2013 waliitoa huko wakaiweka pamoja na pombe na madawa, maana walikuwa wamekwisha kuona kwamba ugonjwa unaenda kwa njia ileile. Shirika la Afya Duniani nalo limeuweka katika orodha yake mpya ya magonjwa, ile ya 11, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Orodha hiyo inataja mazoea mawili ya aina hii: kamari na michezo ya video. Kuhusu simu, kununua vitu na mengine, wenye elimu bado wanabishana, nasi hatutawaamulia.

Kusema "mgonjwa" si kumwondolea mtu deni lake. Mwenye malaria hakuchagua homa, lakini ni yeye anayepaswa kumeza dawa.

NJIWA NA WATU WA DHAHABU

Kwa nini mtu anashindwa kuacha kitu kinachomla? Mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Harvard huko Marekani, jina lake Skinner, alitafuta jibu kwa njiwa. Alimweka njiwa ndani ya sanduku lenye kibonyezo. Njiwa akidonoa kibonyezo, punje inaanguka. Punje ikija kila mara, kisha ikikatwa, njiwa anajaribu kidogo halafu anaacha. Lakini punje ikija bila mpango, leo baada ya kudonoa mara 3, kesho baada ya mara 40, njiwa anadonoa mbio bila kupumzika, na punje zikikatwa anaendelea muda mrefu sana. Hawezi kujua kama zimekwisha. Kwake yeye, inayofuata inaweza kuwa ndiyo. Skinner mwenyewe alisema mashine za kamari zinamshika mtu kwa namna hiyohiyo.

Sisi watu wa Ituri tunamjua njiwa huyo. Tangu dhahabu ya Kilo ilipopatikana mwaka 1903, nchi yetu inaishi na neno "kesho". Nenda kwenye mashimo ya Mongbwalu. Utamkuta PDG wa shimo aliyeuza ng'ombe, akauza pikipiki, akauza kiwanja, anaendelea kulisha vijana wake kwa sababu mshipa wa dhahabu uko mita moja mbele. Kuchimba si kamari, maana kuna jasho na kuna jiwe, na wakati mwingine mshipa upo kweli. Lakini aliyekua akisikia habari hizo nyumbani anafika kwenye meza ya pari akiwa ameandaliwa nusu ya njia. Hilo ni wazo letu, si la mganga.

Ndani ya kichwa kuna kitu kinaitwa dopamini. Ni maji ya ubongo yanayobeba habari ya kitu kizuri. Mtaalamu Wolfram Schultz alipima seli za dopamini ndani ya ubongo wa nyani waliokuwa wakipewa maji ya matunda. Maji yakija ghafla, seli zinalia kwa nguvu. Nyani akiisha kuzoea kwamba taa ikiwaka maji yatafuata, seli zinalia kwenye taa. Kwenye maji yenyewe zinakaa kimya. Ndiyo maana mcheza kamari anachangamka zaidi mpira unapokuwa bado unachezwa kuliko anapopokea feza, na ndiyo maana feza ya ushindi hairudi nyumbani. Inarudi mezani.

Ushahidi mwingine ulitoka kwa wazee wagonjwa. Mwaka 2005 waganga wa Mayo Clinic, Marekani, waliandika habari za watu 11 wenye ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka mikono. Walipewa dawa inayoiga kazi ya dopamini. Watu wazima, wenye heshima, wengine hawajawahi kucheza kamari maishani, wakaanza kumaliza feza zao kwenye nyumba za mchezo. Dawa ilipopunguzwa au kuachwa, tamaa ile ikapotea. Msomaji anayesema "ni tabia mbaya tu" ajiulize tabia gani inaingia na kutoka kwa kidonge.

Na ile mechi ya 9 ya fundi wetu? Luke Clark na wenzake wa Cambridge, Uingereza, walionyesha mwaka 2009 kwamba kukosa kidogo tu kunaamsha sehemu za ubongo zinazoamshwa na kushinda, na kunazidisha hamu ya kuendelea. Aliyekosa mechi 6 anatupa karatasi. Aliyekosa moja anaona yuko mlangoni, kumbe amepoteza sawasawa na yule.

HESABU YA MEZA

Tufanye hesabu kwa mfano mwepesi. Unarusha sarafu, unaweka franka 1,000. Kama mchezo ni wa haki, ukishinda utapewa 2,000. Nyumba ya mchezo haiwezi kulipa hivyo, maana itapata wapi feza ya kodi, ya umeme na ya matangazo? Tuseme inalipa 1,900. Utashinda mara nyingine, utashindwa mara nyingine, lakini kwa wastani kila unapoweka 1,000 unaacha pale franka 50. Si nyingi, unasema.

Sasa ongeza. Watu wetu hawachezi mechi moja; wanafunga mechi 10 kwenye tiketi moja ili franka 1,000 ilete mali. Kama kila mechi ni nusu kwa nusu, nafasi ya kupata zote 10 ni 1 kati ya 1,024. Mchezo wa haki ungelipa franka 1,024,000. Nyumba inayolipa 1,900 kwa kila 1,000, ukizidisha mara 10, italipa karibu 613,000. Ukiona mtu anachezacheza barabarani kwa furaha ya 613,000, ujue nyumba imekwisha kukata zaidi ya 400,000 juu yake, na wenzake elfu moja na zaidi wameenda nyumbani kimya. Hao hawapigwi picha.

Kujua mpira hakubadili hesabu hiyo sana. Anayepanga bei za mechi anaujua mpira kuliko wewe, tena ana mashine.

ALAMA ZA UGONJWA

Si kila anayecheza ni mgonjwa. Wako wanaoweka kidogo Jumamosi, wakikosa wanacheka, yamekwisha. Waganga wa Marekani wametaja alama 9, na mwenye 4 au zaidi ndani ya miezi 12 wanamhesabu mgonjwa. Hatutaziandika zote. Iliyo kubwa, kwa maoni ya walioongea nasi, ni kufukuza feza iliyopotea: mtu anarudi kesho si kwa kupenda mchezo, ni kwa kutaka kurudisha cha jana. Hapo mchezo umekwisha kuwa kazi ya pili, isiyo na mshahara. Nyingine ni kuongeza kiasi ili moyo ushituke kama mwanzo, kukasirika ovyo anapojaribu kuacha, kucheza akiwa na huzuni, kuharibu kazi au masomo, na kuomba wengine wamtoe kwenye shimo la feza.

Na uongo. Tangu mwaka 1997 waganga wanatumia maswali mawili mafupi, nawe unaweza kujiuliza usiku peke yako. Je, umewahi kuona lazima uongeze kiasi unachoweka? Je, umewahi kuwaficha watu wako wa karibu ukubwa wa mchezo wako? Ukijibu ndiyo hata kwa moja, inafaa kumwona mganga. Bado si hukumu, ni sababu ya kupimwa.

Bibi ana njia zake za kujua. Mshahara unapungua lakini hakuna pombe wala mwanamke. Simu inageuzwa uso chini. Bwana anapokea habari ya kifo cha jamaa na kufungwa kwa goli kwa uso uleule. Siku ya mshahara anarudi usiku, na ana hadithi: feza imechelewa benki, wamekata, ameibiwa kwenye moto-taksi. Kisha wanafika watu wasiojulikana kugonga mlango.

Watu hao mara nyingi ni wa Banque Lambert. Kila mfanyakazi wa Kongo anaijua: haina jengo wala kibao, ni mtu tu anayekopesha dola 100 leo ili mwisho wa mwezi umrudishie 150, na mara nyingine anashika kadi yako ya benki mpaka umlipe. Mwezi wa kwanza unalipa deni. Mwezi wa pili unakopa ili ulipe. Mwezi wa tatu mshahara ni wake, wewe unabaki mfanyakazi wake asiyevaa kofia.

Hapa tuseme wazi jambo ambalo watu wanaogopa kulitaja. Mtu aliyefika hapo anaweza kutaka kujiua. Huko Sweden waliwafuata wagonjwa wa kamari zaidi ya 2,000, na uchunguzi uliotoka mwaka 2018 ulionyesha walijiua mara 15 kuliko watu wengine wa nchi hiyo. Mwenzako akisema "afadhali nisiwepo", au akianza kugawa vitu vyake na kuaga, usimwache peke yake usiku huo. Mpeleke zahanati au hospitali kuu, saa yoyote. Kumuuliza wazi kama anafikiri kujiua hakumtii wazo hilo. Kunamfungulia mlango wa kusema.

MAMBO YA KAZINI

Tunarudi kwenye mkanda. Asiyelala usiku mikono yake inachelewa na macho yake yanaruka mambo. Anayetazama simu kila dakika 5 haoni taa ya hatari. Mwenye deni anaomba zamu za ziada mpaka mwili unakataa. Wengine, tuseme ukweli, wanaanza kutazama kebo za shaba na mafuta ya mitambo kwa jicho lingine, na mtu aliyefanya kazi miaka 15 kwa mikono safi anafukuzwa kwa mita 20 za kebo. Kwa hiyo kapita asingoje ajali. Lakini pia asifanye kazi ya polisi. Mtu akiitwa mwizi kabla hajaiba, atafunga mdomo, na mwenye kufunga mdomo hatibiwi.

TIBA

Ugonjwa huu unatibika. Mwaka 1957 wacheza kamari wa Los Angeles, Marekani, walianza kukutana wenyewe kwa wenyewe ili kusaidiana, na vikundi vyao vilienea nchi nyingi. Mwaka 1972, baada ya watu wa vikundi hivyo kumwendea, mganga Robert Custer alifungua tiba ya kwanza ya kulaza wagonjwa wa kamari, katika hospitali ya askari wa zamani huko Brecksville, Ohio. Tangu siku hizo mengi yamejaribiwa, na njia iliyoonyesha matunda zaidi ni mazungumzo yenye mpango pamoja na mganga au mshauri aliyefundishwa.

Utasema: huyo mshauri yuko wapi hapa? Sikia jambo la Calgary, Kanada. Mwaka 2001 wataalamu waliwapa wacheza kamari mazungumzo mamoja tu ya simu, chini ya saa moja, pamoja na kitabu cha mazoezi cha kufuata nyumbani. Waliopata vitu hivyo viwili walipunguza mchezo kuliko walioambiwa wangoje. Mambo makubwa ya tiba hii yanaweza kufanywa na mganga wa zahanati, bibi, daftari na moyo wa kuanza. Tuyaeleze.

Kwanza feza itoke mkononi. Si adhabu, ni kama kufunga swichi kabla ya kugusa mkanda. Mgonjwa mwenyewe akubali, kwa muda, kadi ya benki na namba ya siri ya M-Pesa au Airtel Money zikae kwa bibi, kwa mama mzazi au kwa kaka anayeaminika. Anabaki na nauli na ya chakula cha siku. Mchango wa likelemba, feza ya masomo na kodi ya nyumba zitoke siku ileile ya mshahara, kabla ya saa sita mchana kama inawezekana. Programu ya pari ifutwe kwenye simu, na vikundi vya kupeana "mechi za hakika" aviage. Wanaume wengi wanaona haya hapa: mimi baba nyumba, niombe franka 2,000 kwa bibi? Tunalielewa. Lakini yule wa Banque Lambert unamwomba ukiwa umeinamisha kichwa, na yeye hakupikii.

Pili madeni yote yaandikwe, hata yale ya aibu. Hapa ndipo tiba nyingi zinavunjika, kwa sababu mgonjwa anataja matatu na kuficha la nne, na hilo la nne ndilo linalomrudisha mezani usiku. Familia isilipe yote kwa mkupuo mmoja. Tunajua ni vigumu kukataa mtoto wa dada yako akilia, lakini deni likifutwa lote siku moja, mgonjwa anaona meza imefunguliwa upya. Lipeni kidogo kidogo, aliyekopa mwenyewe akipeleka, kwa mpango ambao mdai ameukubali mbele ya shahidi. Asikope kwingine ili alipe.

Tatu ajue saa zake za hatari. Kwa majuma mawili aandike kila tamaa inapomjia: siku gani, yuko wapi, alikuwa na nani, alikuwa anafikiri nini. Atashangaa. Kwa mwingine ni Jumamosi alasiri akipita Boulevard de Libération. Kwa mwingine ni baada ya ugomvi nyumbani, au usiku baada ya zamu ambapo usingizi unakataa. Akijua saa, anaweza kubadili njia, kulima shamba saa hiyo, kwenda mazoezi ya kwaya, kumwomba rafiki aje. Tamaa inapokuja inatisha kama mvua ya hapa kwetu, radi juu ya bati, mtu anaona nyumba itang'oka. Asipoilisha, mara nyingi inapungua kabla ya saa moja kwisha. Akae mahali penye watu mpaka ipite.

Nne mawazo yanyoshwe. "Timu hii imeshindwa mara 4, leo lazima ishinde." Sarafu iliyoanguka kichwa mara 4 haikumbuki kitu. "Nina feza yangu kule, naenda kuirudisha." Feza ile si yako tena, iliyo yako ni ile ambayo bado hujaiweka. "Jana niliota namba." Mganga hakucheki ukisema hivyo. Atakuomba uandike ndoto zote za mwezi na matokeo yake, kisha mtazame pamoja.

Tano mganga atafute ugonjwa wa pili. Uchunguzi mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2005 ulikuta karibu watu 3 kati ya 4 wenye ugonjwa wa kamari walikuwa pia wameshikwa na pombe wakati fulani wa maisha yao. Wengine wana huzuni nzito isiyotibiwa. Katika jimbo letu, lililoona vita na kukimbia makwao, wako wanaocheza kwa sababu ndani ya zile dakika 90 hawakumbuki kitu kingine. Kumwondolea mtu huyo tiketi bila kusikiliza kilicho nyuma yake ni kumvua bandeji.

Kuhusu vidonge, hakuna dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya kamari. Dawa moja ya walevi wa pombe, naltrexone, imesaidia wagonjwa fulani, lakini ni mganga tu anayeweza kuamua. Usinunue kitu sokoni. Anayetaka kuomba aombe, hakuna mganga atakayemzuia. Ila ampe bibi namba ya siri kabla ya kuingia ibadani.

Na akianguka? Wengi wanaanguka. Mtu amekaa miezi 3 safi, siku moja anaweka franka 500 na kusema, basi, nimeharibu yote, naendelea. Hapana. Ameharibu 500. Amwambie mtu siku hiyohiyo, aandike kilichotokea, arudi kwa mganga.

KWA BIBI, KWA KAPITA, KWA WAZAZI

Mama, usianze maneno siku ya mshahara wala wakati wa mechi. Ngoja asubuhi ametulia. Usimwite jina baya mbele ya watoto. Sema ulichokiona kwa macho: "Baba, watoto wamerudishwa shule. Feza niliyokupa Jumatatu sijaiona. Sitaki kugombana, nataka twende wote kwa mganga." Akikana, usimfuate kwa kelele, linda feza ya nyumba, na urudie siku nyingine. Nenda kwa mganga hata peke yako, maana nawe umechoka.

Kapita, sema kwa faragha na uanze na kazi: "Ndugu, wiki hii umesahau kufuli, na Alhamisi ulisinzia. Kuna nini?" Kisha nyamaza. Mpe nafasi ya kwenda zahanati ndani ya saa za kazi, na kwa siku za mwanzo mtoe karibu na mitambo inayozunguka.

Wazazi, tazameni vijana. Jirani zetu wa Uganda, kwa sheria yao ya mwaka 2016, walikataza kamari kwa mtu wa chini ya miaka 25, kwa kuona jinsi vijana wanavyoshikwa upesi. Kenya ilisimamisha vibali vya kampuni 27 za pari mwezi Julai 2019, ingawa baadhi zilirudi baadaye. Simu haijui mpaka wa Mahagi. Kijana wa miaka 14 anayetumwa na baba yake kupeleka tiketi amekwisha kufundishwa.

Turudi kwa fundi wetu. Aliondolewa kwenye mkanda wiki 6, akafanya kazi kwenye ghala la vipuri. Daftari lilikuwa na madeni 7. La 7 alilitaja wiki ya tatu, bibi akalia, wakaliandika. Alianguka mara moja, mwezi wa pili, siku ya fainali. Sasa amerudi kwenye mkanda, na yule kijana aliyepiga kelele anafanya kazi upande wake. Kadi na namba ya siri bado ziko kwa bibi. Walipatana kwamba zitarudi deni la mwisho litakapopigwa mstari. Limebaki la mwenye duka wa Mudzipela, franka 40,000, na anapelekewa 5,000 kila mwezi.